Butiki imefungwa, parsele ya watoto inaingia wapi?

Ku avenyu yetu, hapa Katuba, kuko nyumba moja ya matofali ya kuchoma na mulango wa buluu. Mwenye kuijenga hakai tena ndani. Anapanga vyumba viwili ng'ambo ya reli, na kila asubuhi akienda kazi anapita mbele ya mulango wake wa zamani, anaangalia upande mwingine.

Musifikiri ni banki ilimunyanganya. Yule baba alikuwa na depo ya unga. Alikuwa anaingiza kutoka Kasumbalesa na kuuzisha kwa jumla kwa wamama wa soko. Siku biashara ilianguka, alikuwa na deni kwa watu watatu. Wakubwa wa familia walikaa usiku moja, wakamushauri: "Parsele andika ku jina ya mudogo wako. Bakikuya, utasema haina yako, weye uko unalala tu pale." Akafanya vile. Wakatengeneza karatasi za mauzo ya uongo, hakuna hata franka moja iliyotoka mufukoni mwa mutu, na sertifika ikatoka ku jina la mudogo. Wadai walikuja, wakapiga kelele, wakachoka, wakarudia. Familia ikachinja kuku.

Miaka tatu nyuma yake mudogo akafa. Mujane na watoto wakafungua dosie yake, wakakuta sertifika: nyumba ni ya baba yao. Nani atawaambia vingine? Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema kwamba kisha miaka miwili, haki iliyoandikwa ndani ya sertifika haigusiki tena. Anayejiona ameibiwa anaweza tu kuomba malipo ya hasara. Na huyu mukubwa atasimama mbele ya juje aseme nini? "Nilidanganya wadai wangu, sasa munirudishie nyumba"?

Ninaanza na hadithi hii kwa sababu karibu kila mutu anayefunga butiki katika muji huu anapewa shauri lile lile. Hata miye nilipewa. Nilikuwa na sekretaria ndogo: mashine mbili za fotokopi, ordinatere tatu, grupu kwa siku za kukosa moto. Nilifunga. Nilibaki na deni ya kikundi kimoja cha mikopo, deni ya mwenye kuniletea karatasi na wino, na deni ya mama moja wa likelemba yetu aliyenipa zamu yake ya kupokea kwa sababu alikuwa na huruma. Ndani ya wiki moja nilipata washauri kuliko wakati nilikuwa natafuta kapitali. Ficha mashine. Andika nyumba ku jina la bibi. Hama, enda Kolwezi. Zima telefone. Moja, mutu wa kanisa kabisa, alinishauri nitangaze kwamba niko mugonjwa.

Hakuna hata moja aliyeniuliza: "Karatasi zako zinasema nini?"

Na pale ndipo neno lote liko. Mali ya nyumba inalindwa siku ya kufungua butiki. Siku ya kuifunga inaokolewa tu kile ambacho kingali kinaweza kuokolewa, na hiyo pia inafanywa mbele ya macho ya watu. Kuficha usiku, hapana.

Tuangalie ile herufi tatu tunazochora juu ya mulango kwa rangi nyekundu: Ets. Ets fulani, Ets Neema, Ets Baraka. Tunafikiri Ets ni mutu mwingine, kwamba deni ni ya Ets na nyumba ni ya baba fulani. Mbele ya sheria Ets si mutu. Ni weye mwenyewe umevaa kofia. Deni ya kofia ni deni ya kichwa. Sheria yetu inasema wazi kwamba mali yote ya mudaiwa, ile anayo leo na ile atapata kesho, ni garanti ya pamoja ya wadai wake. Parsele imo ndani. Frigo imo ndani. Pikipiki yako unayopeleka nayo watoto ku masomo imo ndani. Hata yule sheria inaita entreprenant, mufanyakazi mudogo anayejitangaza tu bila kuandikishwa sawa mufanyabiashara mukubwa, naye yuko vile vile: hakuna ukuta kati ya meza yake ya soko na kitanda chake.

Ukuta unajengwa na sosiete. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria za OHADA zinaruhusu mutu moja peke yake kufungua SARL. Kwetu Congo, kiasi cha kapitali kinapangwa na wenye sosiete wenyewe. Ndani ya SARL unapoteza kile ulitia ndani, basi. Mudai wa sosiete anakula mali ya sosiete, hafiki ku chumba chako.

Lakini ukuta huo tunautoboa sisi wenyewe, na mara mingi kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mufuko moja. Feza ya sosiete inalipa minerval ya mutoto, feza ya mazishi ya shangazi inatoka ku kesi ya butiki, hakuna kaye ya hesabu. Siku ya tribinali, avoka wa mudai atasimama aseme: "Bwana Juje, huyu na sosiete yake ni kitu kimoja," na juje ataangalia hesabu yako, ataona ni kweli.

Ya pili ni sahihi. Banki haina ujinga. Inajua kwamba SARL yako ndogo iko mutupu, basi inakuletea karatasi nyingine: usimame weye mwenyewe garanti wa sosiete yako. Na bibi pia. Na yaya yako mwenye parsele ku Kampemba. Siku hiyo mutu hasomi. Moyo uko ku feza, macho yanatafuta tu pahali pa kuandika jina. Kumbe ile karatasi ndiyo inafungua mulango wa nyumba. Chini ya sheria ya OHADA anayesimama garanti anahesabiwa kuwa amefungwa pamoja na mudaiwa. Mudai anaweza kuja kwake moja kwa moja bila kumaliza kwanza mali ya mwenye deni. Lakini sheria ile ile, iliyotengenezwa upya Desemba 2010, imetia pia kizuizi: mwenye kusimama garanti anapaswa kuandika kwa mukono wake mwenyewe, kwa herufi na kwa hesabu, kiasi cha mwisho anachokubali. Asiyejua kuandika anapaswa kuwa na washahidi wawili wanaohakikisha kwamba alielewa. Mutu anayefuatwa kwa deni ya garanti aanze pale: atafute kopi, aangalie mwandiko ni wa nani, aangalie kama washahidi walikuwa wapi. Niliona karatasi za mama moja muuzaji wa samaki, asiyejua kusoma Kifransa hata mustari moja. Kiasi kiliandikwa na mashine, na chini yake kuko alama ya kidole chake. Washahidi hakuna. Karatasi kama ile avoka muzuri anaifurahia.

Sasa, wengi wanaonisoma leo wamekwisha kufunga. Ets ilikuwa Ets, sahihi ilitiwa, butiki iko na kadena. Kwao nasema mambo haya.

Deni si kosa la jinai. Nitarudilia: deni si kosa la jinai. Inchi yetu tangu mwaka 1976 iko ndani ya mapatano ya dunia yanayokataza kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza kontra. Na hata hivyo, sisi wote tunajua namna inafanyika. Mudai haendi ku tribinali ya komersi, anaenda kwa OPJ moja anayemujua. Unapata karatasi ya kuitwa, unaenda na shati safi, na jioni uko ku kasho umevuliwa mukaba. Mimi walinilaza pale usiku moja. Hakuna aliyeniuliza juu ya kontra. Swali lilikuwa: "Familia yako italeta ngapi?" Bibi yangu aliuza grupu asubuhi, kwa nusu ya bei, na sehemu ya feza ile haikufika kamwe kwa mudai.

Katiba, ku artikle ya 18, inasema kwamba mutu hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Akipita pale anapaswa kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Lakini kwa deni ya biashara hata saa moja ni mingi. Ukiitwa, enda, usikimbie, lakini usiende peke yako: enda na avoka, ao na mutu anayejua kusoma, na ubebe kontra ao kaye ya deni inayoonyesha kwamba hii ni mukopo. Usitie sahihi ku karatasi ya "ninakubali kulipa ndani ya siku saba" eti ili utoke. Watu wengi walipoteza nyumba kwa karatasi ya siku saba iliyoandikwa juu ya meza ya polisi.

Lazima niseme upande mwingine pia, kwani mutu asije kusoma hii akajidanganya. Kama ulipewa bidhaa za mutu uuze kisha umuletee feza yake, na weye ukakula feza ile, hiyo haina tena deni ya kawaida. Sheria inaita vingine na parke inaweza kuingia. Sheki bila feza ku banki ni vilevile. Na mutu aliyekopa kwa kuonyesha parsele isiyo yake, asikuje kuniomba shauri.

Mudai anayefuata njia ya sheria, njia yake iko na mapigo. Anaenda kwa juje kuomba amri ya kulipa. Wisie analeta karatasi. Hapa ndipo watu wanapotea: karatasi ya wisie inatupwa juu ya kabati, kwa hasira ao kwa woga. Kumbe kutoka siku ile siku zako za kupinga zimeanza kuhesabiwa, na ni chache kabisa, hazifiki hata wiki tatu. Zikipita bila weye kusema neno, amri inapata nguvu sawa hukumu, hata kama kiasi kilichoandikwa ni cha uongo, hata kama ulikwisha kulipa nusu. Basi siku unapokea karatasi ya wisie, siku hiyo hiyo uitoe nyumbani, uipeleke kwa mutu wa sheria. Kama hauna feza ya avoka, kuko biro za bure za mashauri ku baro na vikundi vya kutetea haki. Usingoje muchungaji arudie safari.

Na wisie hawezi kuingia tu asubuhi moja na kamyo. Anapaswa kuwa na titre, ni kusema hukumu ao karatasi yenye nguvu ya hukumu, na mbele ya kukamata vyombo vya nyumba kwa kuuzisha, anapaswa kukupa amri ya kulipa na siku nane. Usiku si saa yake, wala siku ya yenga, isipokuwa juje ameruhusu. Mbele ya kugusa nyumba anapaswa kwa kawaida kumaliza kwanza vitu vinavyobebeka. Hiyo haimuhusu mudai mwenye ipoteke. Kitanda unacholalia na watoto, nguo za kuvaa, vyombo vya mukono unavyofanyia kazi, hivyo havikamatwi. Kama unafanya kazi ya mushahara, kipande tu cha mushahara kinaweza kukatwa. Na hata vyombo vikikwisha kuandikwa na wisie, sheria inakuachia nafasi ya kutafuta weye mwenyewe mununuzi, kwani mashine ikiuzishwa kwa mapatano inaleta bei, lakini ikipigiwa kelele mbele ya watu inaenda kwa bei ya chuma kizee.

Ndani ya nyumba, si kila kitu ni cha mudaiwa. Cherehani ya mama, frigo iliyonunuliwa na mutoto mukubwa anayefanya kazi ku mine, televizio ya mupangaji: mwenye kitu anaweza kusimama mbele ya juje na kuomba kitu chake kitolewe ku orodha mbele ya mauzo. Lakini atasimama na nini? Na faktire. Na sisi faktire tunazungushia karanga. Toka leo, kila chombo kikubwa kiwe na faktire yenye jina la mwenye kukinunua kweli, na faktire zikae pahali pamoja na vyeti vya batisimo. Ninasema jina la mwenye kununua kweli. Faktire ya kutengeneza jana usiku, wisie anaijua kwa harufu ya wino.

Na ndoa? Bibi na bwana walioandikisha ndoa ku leta bila kuchagua kitu, sheria ya familia inawaweka ndani ya mupango ambao kile walipata pamoja kisha ndoa ni cha wote wawili. Ukichagua kugawa mali, kila mutu anabaki na chake. Hakuna anayeuliza swali hili siku ya ndoa, wote wanaangalia ovyo ule mukate wa arusi. Mwenye kujua kwamba atafanya biashara ya hatari aulize siku ile. Tena, tangu sheria ile ilirekebishwa mwaka 2016, mama hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kufanya mambo ya sheria, na bwana hawezi peke yake kuuzisha ao kutia rehani nyumba ya wote wawili; wanapaswa kukubali wote. Karatasi ya mukopo iliyotia nyumba ya wote wawili rehani bila sahihi ya mama iko na tundu kubwa. Lakini mama asiyeandikisha ndoa yake, aliyelipiwa mahari tu na kukaa miaka 20, ataonyesha tundu hilo kwa karatasi gani?

Ninarudi ku mazoea ya kuficha, kwani ninajua wengine wangali wanafikiri: yule wa Katuba alikosa bahati tu, mudogo wangu mimi ni mutu muzuri. Sawa. Mudogo ni muzuri. Lakini mudai anaweza kumuomba juje avunje kitendo chochote kilichofanywa ili kumukosesha haki yake; kanuni hiyo iko katika kitabu chetu cha sheria tangu mwaka 1888. Kama dosie inafika ku liquidation, OHADA inarudi nyuma tena zaidi: juje anaweza kuweka tarehe ya kushindwa kulipa hata miezi 18 mbele ya hukumu, na zawadi zote ulizotoa ndani ya muda huo haziwashiki wadai. Na uchungu wenyewe ndio huu: deni haikukupeleka ku prizo, lakini kuficha mali kunaweza kukupeleka. Mutu anatoka ku kosa lisilo kosa, anaingia ku kosa la kweli, kwa shauri la wajomba.

OHADA hiyo hiyo, sheria ya Septemba 2015, ilifungua mulango wa kufunga kwa heshima, na mulango huo hautumiki. Mufanyabiashara anayeona kwamba hawezi tena kulipa anapaswa kujitangaza ku tribinali ndani ya siku 30. Kwa wadogo, wale wasiopita wafanyakazi 20, kuko njia iliyofupishwa. Nitasema ukweli wangu: kwa mwenye meza ya soko, njia hiyo ingali mbali na ya gharama. Lakini kwa mwenye depo, mwenye famasi, mwenye garaje, ni bora kuliko kukimbilia Kolwezi. Na asiyeenda pale aombe angalau muda: juje anaweza kugawa malipo ao kuyasogeza hata mwaka moja, akiangalia hali ya mudaiwa na mahitaji ya mudai. Ni watu wangapi wanaomba? Avoka moja aliniambia kwamba wengi wanafika kwake wakati kamyo iko tayari mbele ya mulango.

Kuko mudai moja asiyesahau, ni leta. Unafunga butiki, unaondoa bango, unauza meza, lakini ku RCCM na ku DGI ungali unaishi. Kila mwaka karatasi yako inangojewa, na adhabu ya kukosa kutangaza inapanda juu ya nyingine. DGI haihitaji kuomba hukumu kwanza kama vile mama wa likelemba; iko na karatasi zake zenyewe za kukamata. Uende ufunge dosie yako rasmi: kujiondoa ku RCCM ndani ya mwezi moja, kutangaza ku kodi kwamba umeacha kazi, na ubaki na kopi yenye muhuri. Ni mwendo wa kuchosha, watakuambia urudie kesho mara tatu, mashine imekufa, mukubwa hayuko. Rudia kesho.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Guichet unique ilifunguliwa ili mutu aandikishe biashara haraka, na kweli, haraka imekuja. Lakini mutu anafika pale, anachagua Ets kwa sababu ni bei ndogo, na hakuna mutu anayemwambia, kwa luga anayosikia, kwamba kwa tofauti ile ya bei ameweka parsele yake juu ya meza. Ukurasa moja tu wa Kiswahili ungetosha, uliobandikwa ku ukuta. Na wale wanaokopesha wamama wa soko, wanaoenda nao ku makutano, wanaoimba nao, wanaowafundisha kuhesabu faida kwa Kiswahili: kwa nini siku ya kutia sahihi Kiswahili kinatoka inje na karatasi inabaki Kifransa peke yake? Kueleza faida tunajua kwa Kiswahili, kueleza hatari tunasahau neno. Sisemi juu ya wale tunaowaita bank lambert, wanaokamata karta ya banki na kodi ya siri ya mutu. Wale hawana karatasi hata ya Kifransa.

Mudai naye ni mutu, nisisahau. Wakati nilihesabu deni zangu tatu, niliona kwamba kikundi cha mikopo kingeweza kungoja, mwenye karatasi alikuwa na sosiete na avoka. Lakini mama wa likelemba alikuwa na watoto watano na meza ya mikate. Yeye hakuwa na karatasi yoyote, ni kusema mbele ya juje ndiye alikuwa muzaifu kuliko wote. Washauri wangu walisema: "Huyo acha, hana kitu cha kukushitaki." Niliandika orodha ya vyote nilikuwa navyo, mashine, ordinatere, kabati, bei ya kila kimoja, nikawaita wote watatu siku moja ku nyumba ya mukubwa wa avenyu. Niliwaonyesha. Mutu wa mikopo alikasirika, akatoka, akarudi. Tuliandika kwa kurasa mbili ni nani atapata nini na mwezi gani, kila mutu akatia sahihi, na mukubwa wa avenyu kama shahidi. Mashine moja iliuzishwa, ya pili waliniachia nifanye nayo kazi ili nilipe. Parsele haikuingia ndani ya mazungumuzo, kwani hakuna aliyeona sababu ya kuitafuta.

Ilichukua miezi 26, na mara mbili nilichelewa. Mama wa likelemba nilimaliza naye wa kwanza. Siku ile alihesabu feza mara mbili, akafunga ku kitenge, akaniuliza kama ile mashine inaweza kutoa fotokopi za rangi, kwa sababu mutoto wake anafanya egzame ya leta na wanaomba foto nne.